Wakili Aliyesinzia

Mtaa mzima ulimwita Hamira, na wala hakuchukia. Alikuwa mwoka mikate, lakini jina hilo hakupewa kwa ajili ya mikate. Alipewa kwa sababu wazo dogo likimwingia kichwani asubuhi, kufika mchana limeumuka, limejaa chombo na limeanza kumwagika. Mkewe, fundi cherehani aliyekuwa na chumba chake cha kushonea ukuta kwa ukuta na tanuri la mumewe, alikwisha kuzoea. Akimsikia anapiga mluzi huku anakanda unga, hujisemea moyoni: haya, kuna jambo linaumuka huko.

Wiki ambayo binti yao alimaliza mtihani wa mwisho wa sekondari, Hamira alipiga mluzi tangu kunapambazuka.

"Nimepata!" alisema akiingia chumba cha cherehani, mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni. "Mtoto atakuwa wakili."

Mkewe hakuinua macho kwenye pindo alilokuwa anakunja. "Umemuuliza?"

"Nimuulize nini, mama watoto? Mtu hajawahi kushindwa ubishi tangu ajue kusema! Juzi tu nilimwambia aoshe vyombo, akanithibitishia kwa hoja kwamba zamu ni yangu. Na nikaviosha!"

"Zamu ilikuwa yako kweli."

"Unaona? Na kesi alishinda!"

Binti mwenyewe walimwita Tiara, kama kile kishada cha watoto kinachorushwa hewani, kwa sababu tangu utotoni hakujua kutulia chini. Alikuwa mrefu, mwepesi, mwenye macho yasiyobanduka kwa watu. Tena alikuwa na mchezo mmoja uliowakera wazazi wake: kuigiza mienendo ya watu. Alikuwa akiwafuata wageni kwa nyuma na kutembea kama wao, mmoja anachechemea, mwingine anaburuta kisigino, hata mgeni akigeuka anakuta kitoto kimesimama kama yeye alivyosimama. Hamira alimgombeza kwa mchezo huo mpaka akachoka. Alipokua aliuacha, au walau aliacha kuuchezea mbele yao.

Kufika jioni ya siku ile, habari za wakili zilikuwa zimefika kila mahali ulikofika mkate wa Hamira. Mwenye duka la viatu alimpigia Tiara saluti. Muuza magazeti alimwomba amtetee kwa mkewe. Tiara alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akamtazama baba yake.

"Baba, nasikia mimi ni wakili."

"Bado kidogo tu, mwanangu. Kuna mambo ya kusoma hapo katikati."

"Sawa, baba," alisema, akaondoka kwenda kuanua nguo.

Hamira alisugua viganja kwa furaha. Mkewe alitikisa kichwa. "Huyo mtoto anabisha hata ukimwambia mvua inanyesha. Leo kasema sawa, baba, kisha kanyamaza. Wewe unafurahia nini?"

Wakazungumza, na mwisho wakakubaliana jambo moja la maana: kabla ya kuamua lolote, aende kwanza akaione kazi yenyewe. Bahati nzuri wakili alikuwepo ndani ya ukoo. Dada mkubwa wa Hamira, shangazi yake Tiara, alikuwa wakili anayejulikana, mwanamke wa miwani mikubwa na sauti ya kuamsha waliolala. Alikubali kwa moyo mmoja. Tiara akaanza kuongozana naye kila asubuhi, kabeba mkoba wa majalada, kavaa gauni la heshima aliloshonewa na mama yake.

Mwisho wa wiki shangazi alikuja kutoa ripoti. Alikaa mezani, akavua miwani, akaanza kucheka kabla hajasema neno.

"Mdogo wangu, binti yako kasinzia mahakamani."

"Alikuwa kachoka," Hamira alimtetea haraka.

"Siku ya kwanza nami nilisema hivyo. Ya pili nikasema ni joto. Jana mwenzangu wa upande wa pili kasimama anamwaga hoja zake, nzito kweli kweli, mara tunasikia sauti kama mtu anapasua mbao. Hakimu akasimamisha kesi. Anauliza, 'Huo mngurumo unatoka wapi?' Mtu mzima mimi nikatafuta pa kuficha uso!"

Tiara alifunika uso kwa mikono. "Shangazi, niliomba radhi kwa hakimu mwenyewe."

"Uliomba, mwanangu, tena kwa adabu. Lakini wifi," shangazi alimgeukia mama yake Tiara, "sikiliza na hili. Mle ndani analala, akitoka kwenye ukumbi wa nje yuko macho kama taa. Kulikuwa na bibi mmoja shahidi, magoti yamemkamata, akiitwa ndani inabidi watu wawili wamwinue kwenye benchi. Huyu akamchuchumalia mbele, akamwambia, 'Bibi, vuta miguu nyuma, sogea ukingoni, sasa inama mbele kama unataka kuninong'oneza.' Bibi akainuka peke yake! Kuona hivyo, wengine nao wakataka. Natoka kula nakuta mashahidi wote wamejipanga, wanazungusha mabega. Na karani wa mahakama yumo!"

Walicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini Hamira, hata akicheka, alikuwa amesikia kitu kimoja tu: uwakili umekwama. Kesho yake mluzi ulianza upya.

"Nilikosea," alimwambia mkewe. "Nilikwenda kutafuta mbali, na kitu kiko hapa hapa. Atarithi tanuri!"

"Umemuuliza?"

Alikuwa ameshatoka.

Tiara akavaa aproni, akaingia kwenye mikate. Tuseme ukweli: alijitahidi. Alipima unga, alipaka mafuta vibati, alijifunza kusukuma koleo refu la kutolea mikate tanurini. Tatizo lilikuwa macho yake. Mikate ilikuwa huku, yeye anamtazama mkandaji wa baba yake, jitu la watu lenye mikono kama magogo ambalo kila jioni lilitoka limejishika kiuno. Trei nzima iliungua wakati Tiara amesimama, kichwa kimeinama upande, anafuatilia jinsi mkandaji anavyojikunja juu ya meza.

"Kaka," alimwambia, "hii meza ni fupi kwako. Unafanya kazi umeinama siku nzima kama unatafuta sindano."

Hamira alikuwa ametoka kupeleka mikate. Aliporudi alikuta miguu ya meza ya kukandia imewekewa vigogo chini, na mkandaji anakanda huku amesimama wima, anaimba. Furaha tupu. Isipokuwa Hamira mwenyewe hakuwa mtu wa kimo. Alipoisogelea meza yake, ukingo ulimfika chini ya kwapa. Akanyoosha mikono aufikie unga, akaonekana kama mtoto aliyetumwa dukani anayetafuta kaunta.

Mkandaji alifanya kosa la kucheka.

"Nani kagusa meza yangu?" Hamira aliuliza.

"Mimi, baba. Ngoja nikueleze, wewe tunaweza kukuwekea ubao wa kusimamia..."

"Ubao! Nimekanda kwenye meza hii wewe hujazaliwa! Nimebeba magunia humu mgongo huu huu, sijawahi kulalamika! Angalia!" Akaliendea gunia la unga lililokuwa kwenye kona, akainama kwa hasira, miguu imenyooka kama nguzo.

"Baba, usiiname hivyo! Kunja magoti, ulikumbatie gunia, baba..."

Gunia liliinuka kidogo. Kisha mgongo wa Hamira ukafanya *ka!* na gunia likarudi chini. Hamira hakurudi popote. Alibaki vile vile, kajikunja, mikono inaning'inia, anatazama vidole vyake vya miguu.

"Mama Tiara," aliita kwa sauti ndogo. "Njoo. Usikimbie, lakini njoo."

Kumnyoosha kulishindikana. Ikabidi apelekwe hospitali hivyo hivyo, mkandaji upande mmoja, Tiara upande wa pili. Njiani watu walimpa pole, naye akawajibu kwa kutazama viatu vyao. Kwa viatu hivyo alimtambua mwenye duka la viatu, akamwambia, "Hata wewe jirani unavaa vilivyochanika?" Tiara alijua kwamba baba yake akitania namna hiyo, anaumia kweli.

Daktari alimpima, akasema hakuna kilichovunjika, akawatuma kwenye chumba cha mwisho wa korido, cha matibabu ya viungo. Kilikuwa chumba kikubwa chenye madirisha mapana. Kulikuwa na magodoro ya mazoezi, mipira mikubwa ya rangi, ngazi fupi isiyokwenda popote, na fito mbili sambamba ambazo watu hushikilia wakijifunza kutembea upya. Aliyewapokea alikuwa mtaalamu wa matibabu hayo, mwanamke mnene aliyekunja mikono ya shati hadi mabegani, mwenye kicheko cha karibu.

"Karibu, mzee. Umedondosha nini chini?"

"Heshima yangu," alisema Hamira.

Wakamlaza kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu la uso. Kwa hiyo yote yaliyofuata Hamira hakuyaona. Aliona sakafu, na viatu vya binti yake.

Viatu hivyo alivijua. Nyumbani Tiara akiboreka, hupiga kisigino kwenye mguu wa kiti, taratibu, kama saa. Sasa viatu vilikuwa havitulii. Vilizunguka kitanda, vikasimama kwa ncha, vikarudi. Na juu ya viatu sauti ilikuwa inauliza maswali mfululizo. Kwa nini unabonyeza hapo wakati maumivu yako chini? Msuli huu unakwenda kushikana wapi? Ukikaza upande mmoja, goti nalo linajua?

"Wewe uko chuo gani?" mtaalamu aliuliza.

"Mimi? Siko chuo. Nimemleta baba."

Viatu vya mtaalamu vikasogea pembeni. "Hebu weka mkono hapa. Unahisi nini?"

"Huku kumekaza kama kamba ya kuanikia. Upande huu... huu umelegea. Upande huu haufanyi kazi yake."

"Na kwa kawaida baba yako anatembeaje?"

Viatu vikasogea mbali, vikaanza kutembea. Hamira kutoka kwenye tundu lake aliona vidole vikitazama nje kidogo, mguu wa kulia ukitangulia kwa nguvu. Hakuhitaji kuona sehemu iliyobaki. Ilikuwa miguu yake yeye mwenyewe.

"Anatanguliza bega hili," Tiara alieleza, "kama anasukuma mlango. Ni kwa sababu ya koleo la mikate, nafikiri, miaka yote analisukuma kwa mkono mmoja."

Mtaalamu alipiga makofi. "Nina wanafunzi wa mwaka wa pili hapa wasioweza kuliona hilo!"

Hamira akatulia kitandani. Mchezo ule ule aliougombeza miaka na miaka! Akashusha pumzi kwa nguvu, na mtaalamu akadhani amembonyeza sana. "Inauma, mzee?"

"Hapana," alisema Hamira. "Endeleeni. Endeleeni tu kuongea."

Jioni alirudi nyumbani akitembea wima, polepole, kama mtu aliyebeba yai kichwani. Mkewe aliwafungulia mlango, na kabla hajauliza hali akamsikia mumewe anapiga mluzi.

"Nimepata!" Hamira alisema. "Mama watoto, nime..."

Mkewe alimtazama tu. Alikuwa kaning'iniza futi ya kushonea shingoni, na alikuwa na namna yake ya kutazama kama anampima mtu kiuno, kifua na akili. Hamira alifunga mdomo. Unaweza kusema hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya siku ile, gunia likiwemo. Akavuta kiti, akakaa kwa uangalifu, akamgeukia binti yake.

"Mwanangu," alisema. "Wewe ulionaje kule?"

Tiara alizoea kupewa majibu na baba yake, hakuzoea kupewa maswali. Akavuta kiti karibu. Kisha maneno yakamjia yote kwa pamoja. Alisimulia juu ya msuli na mfupa, juu ya dereva mmoja mstaafu aliyemwona akipanda ile ngazi na kushuka kama mfalme. Alisimama, akaonyesha, akachuchumaa, akamwinua mama yake na kumgeuza huku na huku kueleza nyonga inavyofanya kazi. Chai ikapoa, hakuna aliyeigusa.

"Nilisahau kuwa nina njaa," alimaliza, mwenyewe akishangaa. Halafu uso ukabadilika. "Lakini fizikia inatakiwa. Na fizikia inanipiga chenga, mnajua."

Hamira alipanua mdomo aseme fizikia si lolote si chochote. Akahisi kisigino cha mkewe juu ya mguu wake chini ya meza.

"Tukusaidieje?" mama yake aliuliza.

Tiara alifikiri. "Nataka nirudi pale. Siyo kama mgeni, niende nikasaidie kazi. Nione na siku mbaya zilivyo, ndipo niseme."

Hamira alimtazama binti yake kama ndiyo kwanza anatambulishwa kwake.

Mtaalamu alikubali, na Tiara akaanza kwenda kutandika magodoro, kufuta mipira na kushika watu mkono. Wazazi nao hawakukaa bure. Miongoni mwa wateja wa mama yake alikuwemo mwalimu wa fizikia, mama mpole aliyependa magauni ya mikono mipana. Akawa anakuja alasiri kumwandaa Tiara kwa mtihani wa fizikia wa kuingia chuo. Somo la nyenzo, zile za kuinulia vitu vizito, lilikataa kabisa kuingia kichwani mwa Tiara hadi siku mwalimu alipomwomba Hamira koleo lake, akaweka mkate kwenye ncha, akamwambia Tiara alishike karibu, kisha alishike mbali. "Kumbe ni kiwiko!" Tiara alipiga kelele. "Mkono wa mtu ni koleo!" Hamira naye akasogea kusikiliza. Mikate miwili iliungua, na safari hii aliyeiunguza alikuwa yeye.

Siku mbaya nayo ilifika. Tiara alirudi amevimba macho, akapita bila salamu, akafunga mlango wa chumba chake. Hamira alizunguka jikoni kama kuku anayetaka kutaga.

"Nakwenda kumwambia aache. Nakwenda na huko hospitali, nikawaambie..."

"Nenda kwake," mkewe alisema. "Lakini nenda na masikio."

Hamira akachukua mkate wa moto, akaketi sakafuni nje ya mlango, mgongo ukutani jinsi alivyofundishwa. "Mwanangu, ni mimi. Sijaja kusema kitu."

Baada ya muda mlango ulifunguka, Tiara akakaa naye chini. Akamweleza. Kuna kijana fundi ujenzi aliyeanguka kutoka juu ya jengo. Leo ameambiwa kwamba hatatembea tena kama zamani. Tiara alipompa mpira wa zoezi, alimtukana mbele ya watu wote, akautupa mpira ukutani.

Hamira aliumega mkate, akampa nusu. Maneno mia yalimjaa mdomoni, akayatafuna pamoja na mkate. "Sasa unafikiri nini?" aliuliza.

Tiara alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Nilikuwa nalia njia nzima. Halafu hapo mlangoni nimekumbuka kitu." Akaanza kucheka, machozi bado yanatiririka. "Baba, ule mpira ameutupa kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto! Wiki iliyopita haukuwa unainuka hata kujikuna sikio!"

Hamira alimwangalia. "Ameutupa kwa nguvu?"

"Kwa nguvu! Umenipita hapa, puu!"

"Basi umwambie!"

"Kesho asubuhi ndilo neno la kwanza nitakalomwambia."

Mama alitoka chumba cha cherehani kuona kuna nini, akawakuta wote wawili sakafuni, wametapakaa makombo, wanacheka na kulia kwa zamu. Akakunja magoti, akakaa nao.

Tiara akaufanya mtihani ule, matokeo yakatoka, na fizikia ilipita. Haikupita kwa kishindo, lakini ilipita, na mwalimu alishonewa gauni la mikono mipana kuliko yote. Chuo kilimpokea Tiara. Siku alipoondoka na begi lake, Hamira alimkumbatia kwa muda mrefu, akamuuliza kama kiti cha basi kina mahali pa kuegemeza kiuno.

Mwaka wa pili wazazi walialikwa chuoni kuona wanafunzi wakifanya kazi. Hamira na mkewe walifika mapema mno, wakasimama mlangoni mwa ukumbi, nguo zimenyooshwa, wasijue mikono waiweke wapi. Ndani, Tiara katika koti jeupe alikuwa anatembea kinyumenyume, mikono ameitanua lakini hajashika kitu. Mbele yake alikuwa mzee mmoja, mwalimu wa zamani wa muziki, ambaye kiharusi kilimlaza miezi mingi. Mkono mmoja uko kwenye fito. Mguu unatetemeka.

"Hatua moja tena, babu."

"Ulisema hivyo hatua iliyopita! Wewe binti ni mkali!"

"Wewe si mbishi wa kwanza kwangu, babu. Haya, kisigino kwanza."

Watu walicheka, na mzee mwenyewe akacheka, na katika kucheka huko mguu ukaenda. Kisha wa pili ukaufuata. Akaachia fito. Akapiga hatua nyingine, na nyingine, akafika dirishani, akashika ukingo, akatazama nje kwenye bustani ambako wanafunzi walikuwa wamelala majanini.

"Loo," alisema. "Kumbe kuna maua."

Mama yake Tiara alitoa leso. Hamira hakuwa na leso, akapiga makofi, tena kwa nguvu zake zote za kukandia, peke yake katika ukumbi mzima.

Mzee aligeuza shingo. "Nani huyo?"

"Baba yangu," alisema Tiara, uso umekunjuka wote.

"Mwambie hapigi kwa mapigo! Mimi nikitembea na makofi ya namna hiyo nitaanguka." Akainua kidole kimoja, akampimia Hamira mapigo hewani, moja, mbili, moja, mbili. "Hivyo! Haya, binti, turudi."

Hamira akafuata kidole. Wengine wakaungana naye, mama yake Tiara akiwa wa kwanza, leso ikiwa bado mkononi, na kwa makofi hayo Tiara na mzee wakaanza safari ya kurudi.